Elena Atoka Kenya ya Wapi?

Juma hili naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, kwani si insafu kila siku kuyaanika makosa ya wazazi wengine na yangu nikayafunika kawa.

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, watoto wa kaka yangu walikuwa sebuleni kwangu wakicheza gemu la kupigana kwenye televisheni. Mvulana ana miaka 13, dada yake ana 10. Mashine ni ya mkono wa pili na mchezo wenyewe ni wa zamani kidogo, Ultra Street Fighter IV ya mwaka 2014. Nilikuwa jikoni nikikaanga viazi vya karai nikasikia naitwa: “Shangazi! Njoo uone, kuna Mkenya humu!”

Nikaja mbio, mwiko mkononi. Nikamwona msichana mrefu, nywele nyeupe, miguu mitupu, na mwilini vitambaa viwili vyeupe ambavyo ukivishona pamoja havitoshi leso ya kufutia jasho. Alikuwa akiyumba kwa madaha na kurusha mateke. Binti yetu akanitazama, uso una furaha na tahayuri kwa pamoja, akauliza: “Shangazi, yasemwa atoka Kenya. Kenya ya wapi hiyo?”

Sikumjibu. Nilichukua rimoti nikazima, nikawaamrisha watoke wakacheze uani. Usiku, nikikunja nguo, swali lile lilinirudia. Mtoto ameuliza jambo la maana, nami nimemjibu kwa kioo cheusi.

Basi nikaketi nikatafuta jawabu. Msichana yule huitwa Elena. Aliundwa Japani na kampuni ya Capcom, akaonekana mara ya kwanza mwaka 1997 katika Street Fighter III. Kisa chake cha asili chasema ni binti wa mkuu wa kabila dogo katika nyika ya Afrika Mashariki, aendaye ng’ambo kusoma na kutafuta marafiki. Kabila lenyewe halitajwi. Hupigana kwa miguu tu, kwa mtindo wa capoeira, ambao ni sanaa ya Brazil iliyoanzishwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa miongoni mwa turathi za wanadamu. Mwaka 2025 Elena alirejeshwa katika Street Fighter 6, kwa hivyo watoto wetu wataendelea kukutana naye.

Kwa haki, si kila kitu cha Elena ni kibaya. Ni mcheshi, hana kisasi na mtu, na mojawapo ya uwezo wake mashuhuri ni kujiponya majeraha katikati ya pambano. Lakini waliomuumba walichukua jina la nchi yetu, wakalibandika juu ya mchezo wa Brazil, wakalivisha vitambaa viwili, wakaliita Kenya. Mtoto wa Mombasa akilitazama hapati humo mama yake, wala shangazi yake, wala jirani yake Mgiriama, Mkamba au Mluo. Ndiyo maana akauliza: ya wapi hiyo?

Ili tulielewe jambo hili vyema, yafaa turudi nyuma mpaka mwaka 1991, mwaka iliotoka Street Fighter II. Wapiganaji wa kuchagua walikuwa 8, na mwanamke alikuwa mmoja tu: Chun-Li wa China, afisa wa polisi wa kimataifa amtafutaye muuaji wa babake. Waundaji wamewahi kusimulia kwamba palikuwa na mjadala baina yao. Mmoja alitaka kile kipimo cha uhai kilichoko juu ya kioo kifanywe kifupi kwa Chun-Li, kwa kuwa wanawake hawana nguvu kama wanaume. Mwenzake akakataa, na kipimo kikabaki sawa kwa wote. Mwaka uliofuata, 1992, ukatoka Mortal Kombat huko Marekani, nao ulikuwa na mwanamke mmoja kati ya wapiganaji 7 wa kuchagua, Sonya Blade.

Hapa ndipo nilipoona kwamba michezo hii ina mizani miwili. Mzani wa kwanza ni wa nguvu, nao kwa kiasi kikubwa ni wa haki. Awe mwanamke au mwanamume, mwenye wepesi na akili ndiye ashindaye. Mvulana ashindwaye na dada yake aliyemchagua Chun-Li hana pa kulalamikia. Mzani wa pili ni wa macho, na huo umepinda. Mwanamume huvishwa kadiri ya kazi yake: kanzu ya karate, sare ya jeshi, kilemba. Mwanamke, mara nyingi, huvishwa kadiri ya jicho la anayemtazama. Mfano ulio wazi ni Dead or Alive, ulioanza mwaka 1996 na kujulikana kwa namna vifua vya wanawake wake vilivyochezeshwa kuliko kwa mapigo yao. Kufikia 2003 wanawake hao hao walitolewa ulingoni wakapelekwa ufukweni kucheza voliboli kwa nguo za kuogelea. Mpiganaji aliyekwisha kushinda mabingwa akageuzwa pambo.

Hata hivyo mambo hayakusimama. Mortal Kombat 11 ya mwaka 2019 iliwavisha wapiganaji wa kike nguo zaidi kuliko matoleo yaliyotangulia, na wako wachezaji walionung’unika, kana kwamba wameibiwa chao. Mwaka 2021 Tekken 7 ilimwingiza Lidia Sobieska, waziri mkuu wa Poland wa kubuni, bingwa wa karate. Na katika Street Fighter 6, iliyotoka mwaka 2023, Chun-Li sasa ni mwalimu wa sanaa za kupigana na mlezi wa binti aitwaye Li-Fen. Yumo pia Marisa wa Italia, mwanamke wa mabavu, mapana ya mabega, asiyefanana na mwanasesere yeyote. Nayataja haya ili tusiseme kwamba hakuna njia nyingine ya kumchora mwanamke mwenye nguvu. Njia ipo, na waundaji wanaijua.

Siku ya pili niliwaita watoto. Niliwaomba radhi kwanza kwa kuzima bila kujibu, kisha nikamwuliza mvulana kwa nini humchagua Elena. Akasema, “Ana miguu mirefu, Shangazi. Teke lake lafika mbali. Nguo zake mimi sizioni hata.” Nikaamini kwamba asema kweli. Lakini dada yake, aliyekuwa ameinama akichezea upindo wa leso yangu, akasema polepole: “Mimi naziona.”

Wazazi wenzangu, maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike safu hii. Tumezoea kuhofia yatakayoingia machoni mwa wavulana, nasi tuna haki kuhofia. Lakini ni nani aliyemwuliza msichana anachokiona yeye? Kijana wetu huona teke. Binti yetu huona masharti: kwamba ukitaka kuwa shujaa kioni hapo, na uwe wa kwetu, basi uvuliwe kwanza. Hilo hatulitibu kwa rimoti pekee, kwa kuwa rimoti huondoa picha na kuliacha fundisho.

Nikamjibu swali lake. Nikamwambia kwamba Kenya ya Elena ni Kenya ya watu waliotuchora kwa mbali. Kisha nikawasimulia juu ya mwanamke aliyepigana kwa miguu kweli. Mekatilili wa Menza, Mgiriama wa pwani yetu hii, mwaka 1913 aliwakusanya watu wake kwa ngoma ya kifudu, wakala kiapo cha kutowatii Waingereza. Akakamatwa akapelekwa kifungoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akarudi pwani kwa miguu yake, mamia ya kilomita. Mvulana akanikatiza: “Kwa miguu yote hiyo? Huyo mbona hawakumtia kwenye gemu?” Nikawaongezea habari ya Bibi Nusayba bint Kaab, radhiya Llahu anha, aliyesimama siku ya Uhud na upanga mkononi akimkinga Mtume (S.A.W.) mpaka akajaa majeraha. Binti akainua uso. Hakuna aliyempunguzia kipimo cha uhai, na hakuna aliyemvua stara yake ili aonekane shujaa.

Sasa niseme kidogo juu ya hatua za nyumbani. Tazameni herufi iliyoko kwenye jalada la mchezo. Bodi ya Marekani ya kupanga michezo kwa umri, ESRB, iliundwa mwaka 1994 baada ya malalamiko yaliyoletwa na michezo kama Mortal Kombat. T maana yake ni miaka 13 na zaidi, na M ni 17 na zaidi. Mchezo uliokuwa sebuleni kwangu una T, kwa hivyo binti wa miaka 10 hakupaswa kuwa mbele yake, na hilo nalo ni kosa langu, si lake. Pili, ketini nao japo nusu saa. Shikeni ile padi hata kama vidole havitii, mcheke nao mkishindwa. Tatu, ulizeni kabla ya kuhukumu: huyu umemchagulia nini? Unamwona vipi? Ungemvisha nini wewe?

Swali hilo la mwisho nililiuliza kwetu. Binti akachukua daftari na kalamu za rangi, akakaa nayo mpaka karibu na magharibi. Alichora mwanamke mrefu, miguu mitupu vile vile, aliyevaa suruali pana na kanzu fupi iliyofungwa kiunoni, na mtandio uliokazwa usimwanguke arukapo. Chini yake akaandika: “Atoka Kenya. Ya kwetu.” Kaka yake akamtazama, akasema mtandio ule utamzuia kuona teke la upande. Wakabishana mpaka adhana.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo inshaallah.