Bibi ni msafiri, si mlinzi wa mabegi



Ndugu wasomaji, likizo za shule zinapokaribia, katibu wa msikiti huulizwa mengi yasiyohusu msikiti. Mojawapo ni namba ya dereva mwaminifu wa basi dogo, kwa familia inayotaka kwenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, kwenye mabwawa na miteremko ya michezo ya maji. Maswali yanayofuata huwa matatu: nauli, kiingilio na chakula. Swali la nne husikika kwa nadra, nalo ndilo zito kuliko yote: Bibi na Babu watafanya nini huko?

Jibu lisilotamkwa linajulikana. Watakaa kivulini, watalinda mabegi, viatu na simu, na watapakata watoto wachanga ili wengine waogelee. Mzee aliyetoka Morogoro alfajiri amekwenda kuwa bawabu wa wanawe.

Mtume (s.a.w.) alipomkabidhi Uthman bin Abil-As uimamu wa watu wake, alimwelekeza amzingatie aliye dhaifu zaidi miongoni mwao. Mafunzo hayo ya swala yanatufaa na safarini. Ratiba ipimwe kwa hatua za Bibi mwenye maumivu ya magoti, si kwa mbio za kijana wa miaka 17.

La kwanza, basi, ni mashauriano. Kikao kifanyike kabla ya michango, na wazee waulizwe wenyewe. Mama akisema, "Nendeni tu wanangu, mimi nitabaki," tusifanye haraka kushukuru. Mara nyingi hakatai safari, bali anaogopa kuwa mzigo. Aulizwe tena kwa upole, aelezwe atakapoketi, atakapopumzika na atakachokula. Akishikilia kubaki, uamuzi wake uheshimiwe.

Wenye kutoka Morogoro wamepata wepesi tangu Juni 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kuwafikisha Dar es Salaam. Hata hivyo, kusafiri, kuogelea na kurudi siku hiyohiyo ni adhabu kwa mzee na kwa mtoto mchanga. Ni bora kufika Ijumaa jioni, kulala kwa ndugu, na kwenda kwenye mabwawa Jumamosi asubuhi jua likiwa bado pole. Siku za Idi zenyewe zina msongamano. Jumamosi ya baadaye huwa na nafasi zaidi.

Wazee nao watengewe sehemu yao ya safari. Hapohapo Kunduchi yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, ambayo baadhi yake yalipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Baada ya Alasiri, Babu na awaongoze wajukuu huko, awaeleze jinsi Uislamu ulivyoota mizizi katika pwani hii. Kwenye mteremko wa maji mjukuu humwacha babu yake nyuma. Kwenye magofu Babu ndiye hutangulia.

La pili ni usalama. Panapokuwa na watu wazima kumi, kila mmoja hudhani mwenzake anamtazama mtoto. Kuzama hutokea kwa dakika chache, na mara nyingi bila kelele. Kwa hiyo kila mtoto akabidhiwe kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, anayejua kuogelea, na aliyeweka simu kando. Zamu zibadilishwe kwa kutamka: "Sasa ni wewe." Bibi asiyejua kuogelea asipewe amana hiyo hata kwa dakika tano. Mabegi nayo yalindwe kwa zamu na vijana wenyewe.

Wenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo wasipande michezo ya kasi. Mwenye kisukari asicheleweshewe mlo, na dawa zake zikae kwenye mkoba wake, si kwenye buti la gari. Miteremko mikubwa huwa na masharti ya kimo. Mpimeni mtoto nyumbani ili asilie mlangoni.

La tatu ni stara. Kanga na buibui vikilowa huwa vizito, na huweza kunasa kwenye mteremko. Tafuteni mapema vazi la kuogelea lenye kusitiri, lisilobana, kisha pigeni simu kuuliza kama linaruhusiwa, na kama zipo saa za wanawake peke yao. Ulizeni pia kuhusu chakula cha kutoka nyumbani, kivuli, na umbali wa vyoo.

Kuhusu swala, kwa madhehebu ya Shafii wanayoyafuata wengi wetu, aliyetoka Morogoro kwa nia ya kukaa siku zisizofika nne ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Adhuhuri na Alasiri zaweza kuswaliwa pamoja, rakaa mbili mbili. Akiswali nyuma ya mwenyeji, atakamilisha nne. Ama ndugu anayetoka Mbagala au Temeke, huyo si msafiri. Aswali kila swala kwa wakati wake, kwa ukamilifu.

Mwisho ni fedha. Anayelipa sehemu kubwa asiifanye safari kuwa yake, na asiyekuwa nacho asitajwe mbele ya watoto. Apike, abebe, au awe amiri wa safari, kwani uongozi haununuliwi kwa kiingilio.

Wazazi wetu hawatakuwa nasi likizo zote. Tukiwachukua, tuwachukue kama wasafiri wenzetu.

Wabillahi tawfiq.