Ushuru wa mafuta ujulikane kabla ya kupanda, si wakati wa kuvuna



Sisi wakamuaji wadogo wa alizeti mkoani Singida tuna kero mbili.

Nianze kwa kushukuru panapostahili. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mwaka 2018 Serikali ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule unaoitwa MKUMBI, na mwaka uliofuata kazi ya kudhibiti ubora wa chakula ikatolewa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) na kupelekwa Shirika la Viwango (TBS). Wenye viwanda vya chakula tulishusha pumzi, kwa kuwa mlango mmoja ulikuwa umepungua.

Milango iliyobaki bado ni mingi. Msimu uliopita, mwezi wa saba, magunia ya alizeti yakiwa yamejaa hadi barazani, tulipokea wakaguzi wa ofisi tatu ndani ya siku tano. Wa kwanza alikagua mtungi wa kuzimia moto, akatuandikia ankara, tukalipa. Siku mbili baadaye akaja wa ofisi nyingine, akauinua mtungi uleule, akasoma tarehe ileile, naye akatuandikia ankara yake. Wa tatu aliikuta mashine inakamua, akaagiza izimwe papo hapo mpaka tumpelekee cheti tulichokuwa tumekilipia lakini hakijatolewa. Mashine ikizimwa ghafla, mashudu hugandia ndani. Kijana wangu alishinda akiyachokonoa kwa nondo, na vibarua sita wakarudi makwao bila ujira. Tulipoteza siku mbili, na siku mbili za mwezi wa saba kwetu si sawa na siku mbili za mwezi wa pili, kwa sababu mkulima mwenye shida ya fedha hasubiri. Anapeleka gunia lake kwingine.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaondoa wakaguzi wote. Siafikiani nao. Mafuta yanaliwa na watoto, na mkanda wa mashine usio na kinga unaweza kumkata mtu mkono. Tunachoomba ni wakaguzi hao waje siku moja, wakiwa na fomu moja na ankara moja, tena kabla ya msimu kuanza. Kasoro ikionekana isiyohatarisha maisha, tupewe muda wa kuirekebisha huku kazi ikiendelea.

Kero ya pili ni nzito zaidi. Mkulima wa huku anapanda alizeti Desemba na Januari, akavuna kuanzia Mei. Bajeti ya Serikali inasomwa Juni. Maana yake ni kwamba ushuru wa forodha wa mafuta ya kula yanayotoka nje unaweza kubadilishwa wakati magunia yameshafika kwangu, nimeyanunua kwa fedha ya mkopo.

Bajeti ya mwaka 2018 ilipandisha ushuru huo hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Tulitiwa moyo, na wengine wakakopa kununua mashine. Tangu hapo viwango vimebadilishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na kilio cha wakulima kilisikika nchi nzima. Mkulima aliyeumia mwaka mmoja hupanda mtama mwaka unaofuata. Hapo kiwanda kinakosa malighafi, na nchi inazidi kutegemea mawese ya kutoka nje.

Najua mama wa Dar es Salaam naye analia mafuta yakipanda bei, na kilio chake ni cha haki. Lakini unafuu anaopewa kwa kushusha ushuru katikati ya mavuno haudumu, kwa sababu unaua zao ambalo lingempa mafuta mwakani. Iwapo bei ni lazima ishuke, zipo njia nyingine: mbegu bora zimfikie mkulima kabla ya mvua, umeme wa njia tatu ufike kwenye viwanda vya vijijini, na mkopo wa msimu utolewe kwa riba tunayoweza kuilipa.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Fedha na ile ya Viwanda mambo mawili tu. Kwanza, kiwango cha ushuru wa mafuta ya kula kitangazwe kwa miaka mitano, na kama kuna sababu ya kukibadilisha, tuambiwe kabla ya Novemba. Pili, ukaguzi wa viwanda vidogo ufanywe kwa pamoja, mara moja kwa mwaka, nje ya msimu.

Hatuombi kubebwa. Tunaomba kujua masharti kabla hatujaingiza fedha. Mwezi huu wakulima wanaandaa mashamba, na wananiuliza wapande nini. Sina jibu la kuwapa.

Mkamuaji wa alizeti,
Singida