Anayeuza nyumba Kisii aanze na maji na karatasi

Wapo Wapwani wenzetu ambao kazi au biashara iliwapeleka Kisii na Nyamira, wakanunua ploti, wakajenga, na sasa wanataka kuuza warudi nyumbani. Swali ninaloulizwa ni lile lile: nitengeneze nini kabla sijamwita mnunuzi? Na wengi huwa wameshajipa jibu la huku kwetu: paka rangi, weka taili jikoni, piga dari ya jipsamu. Kwa maoni yangu, huko ni kumwaga pesa.

Nyumba ya Mombasa adui yake ni chumvi. Ya Kisii adui yake ni mvua, inayopita milimita 1,500 kwa mwaka. Tena nyumba nyingi kule zimechongewa kwenye mteremko, maji ya shamba la juu yanashukia ukutani. Fundi atakayeletwa na mnunuzi amekulia kwenye mvua hiyo, na jiko lako halimshughulishi. Atainua macho kwenye mabati, atatazama gata, kisha atazunguka nyuma aone ukuta umelowa kiasi gani na kama matofali ya msingi yameanza kumong'onyoka. Pesa ziende huko. Badilisha mabati yaliyoliwa na kutu, funga gata zinazopeleka maji mbali, chimba mtaro upande wa juu. Nyufa usizizibe mpaka ujue zimetoka wapi. Pengine ni ule mkaratusi uliopandwa karibu na ukuta.

Kupaka rangi juu ya unyevu ni jambo jingine, na hapa nasema kama Mwislamu. Aliyepita madrasa anakijua kisa cha muuza nafaka ambaye Mtume (SAW) alitia mkono ndani ya rundo lake, akakuta chini kumelowa. Ukuta ni vivyo hivyo. Kama huwezi kuutengeneza, mwonyeshe mnunuzi na ushushe bei. Hata kwa hesabu ya dunia, anayelipa kwa awamu atakuwa hajamaliza malipo masika yatakapoitoa siri yako.

Lakini paa linalovuja zaidi ni la karatasi. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, na si ajabu hatimiliki kuwa bado kwa jina la babu aliyekwisha fariki. Kama ulinunua kwa mkataba ulioandikiwa sebuleni kwa mzee, mashahidi wakatia saini, basi, huna cha kumkabidhi mtu. Mirathi iende mahakamani kwanza, ploti ipimwe, jina libadilishwe. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, lazima idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila idhini ya mwenzio. Mabati ni kazi ya wiki moja. Haya huweza kula mwaka na zaidi.

Kuna na ushuru. Tangu Januari 2023, serikali inachukua asilimia 15 ya faida ya mauzo badala ya 5. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza imesamehewa, uliyopangisha haikusamehewa. Gharama ya kuongeza au kuhifadhi thamani ya nyumba hutolewa kwenye faida kabla ya hesabu. Ukiezeka upya kwa 400,000, na una risiti halali, umepunguza ushuru kwa 60,000. Fundi asiyetoa risiti anaonekana rahisi, kumbe ni ghali.

Ama jiko, fikiria nani atanunua. Ikiwa nyumba iko karibu na Chuo Kikuu cha Kisii, huenda mnunuzi anataka kupangishia wanafunzi. Huyo atahesabu vyumba, ataulizia tangi la maji na shimo la choo, na hilo jiko uliloliwekea taili atalivunja apate chumba kimoja zaidi.