Tumeharibiwa anga, mtaro tumeuziba wenyewe

Kila mvua kubwa ikipiga Dar es Salaam, siku mbili tatu baadaye hoja ile ile hurudi: vijiweni, kwenye redio za asubuhi, mpaka majukwaani. Hali ya hewa imeharibiwa na mataifa ya viwanda, sisi hatuna hatia, na kwa kuwa hatuna hatia basi hatuna la kufanya ila kuvumilia, kumwomba Mungu na kusubiri fedha za wafadhili. Wengi wanaoisema hawana nia mbaya. Hata hivyo ni hoja inayoua watu, na imekaa mjini kwetu muda mrefu bila kuulizwa kitambulisho.

Niwape kwanza haki yao. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Mchango wa Tanzania katika hewa ukaa inayotolewa duniani haufiki asilimia moja, na sisi ni watu zaidi ya milioni 60. Mkazi wa Mbagala anayeunganisha daladala mbili kufika Kariakoo hakuipasha joto Bahari ya Hindi. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yameshaua watu 155. Siku chache baadaye, mapema Mei, kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Waliochoma makaa ya mawe kwa karne mbili wana deni, na anayewadai anadai haki yake.

Hila iko kwenye nusu ya pili. Kujua nani alaumiwe hakumwambii mtu maji yataingia nyumba ya nani. Mvua yaweza kuwa imeongezwa nguvu na moshi wa Ulaya na Marekani, lakini ikishagusa bati la Tandale safari yake yote iliyobaki iko mikononi mwetu. Inapita kwenye mtaro tuliouchimba au tuliokataa kuuchimba. Inakutana na karavati lililosakamwa na chupa za maji na nguo kuukuu. Inatafuta bonde, inakuta mtu mwenye fedha ameshamwaga kifusi na kuzungusha ukuta. Njiani inabeba kinyesi cha wale waliosubiri wingu lifunge ndipo watapishe vyoo. Katika hayo yote sioni mkono wa mzungu hata mmoja.

Na hoja hii ina wanufaika. Miaka ya nyuma ofisa wa manispaa akiulizwa kwa nini mtaro umeziba alilazimika kutafuta jibu. Wa leo analo tayari, tena la kitaalamu: mabadiliko ya tabianchi. Akilitamka, msikilizaji anatikisa kichwa kwa huzuni na swali linakufa. Jambo la kweli kabisa limegeuzwa kichaka cha kujifichia.

Tazameni ufukwe wa Kunduchi. Bahari imekula ardhi pale kwa miongo kadhaa, ikala na majengo ya hoteli, na leo ukimuuliza mtu sababu atakujibu bahari imepanda. Waliochunguza ufukwe ule walitaja sababu nyingine ya karibu zaidi: mchanga uliokuwa ukichimbwa kwenye mito inayomwaga pale, kwa ajili ya kujengea nyumba zetu. Mto uliopaswa kuulisha ufukwe mchanga ulikuwa ukinyang'anywa mzigo wake njiani. Bahari inapanda kweli. Lakini ilikuta mlango tumeshaung'oa.

Au twende Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawapeleka waathirika wa mabondeni Mabwepande, kule mwisho wa Kinondoni, mbali na vibarua vyao. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikaja alama nyekundu za X kwenye nyumba, na matingatinga ya kuzibomoa. Waliorudi bondeni waliitwa wabishi, na jiji zima likaitikia. Miaka hiyo hiyo, karakana na maegesho ya mabasi ya mwendokasi yalijengwa wapi? Jangwani, ndani ya bonde lile lile la Msimbazi. Huduma ilianza Mei 2016, na tangu hapo haijapita miaka mingi bila mabasi kukutwa ndani ya maji au Barabara ya Morogoro kufungwa pale darajani. Sijasikia mhandisi akiitwa mbishi.

Tangu lini basi tukaaminishwa kwamba mtaa hauna nguvu? Historia ya Kinondoni yenyewe inasema vingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hananasifu lilikuwa eneo lisilopimwa, maji yanaingia ndani kila masika, njia hazipitiki. Wakazi wakaunda kamati, na kuanzia 1994, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa ardhi na mipango miji, wakaanza kujenga mifereji ya maji ya mvua na barabara za changarawe kwa mikono yao. Wanawake kwa wanaume wa mtaa walipewa kandarasi, wakalipwa ujira, na sehemu ya gharama wakaibeba wenyewe. Fedha nyingi zilitoka nje, sikatai. Tofauti na miradi tuliyoizoea ni kwamba aliyechimba mfereji ndiye aliyekuwa akifurikiwa, kwa hiyo alijua maji yanatokea wapi na yanapenda kupita wapi. Ramani haikuanzia kwenye kompyuta ya mshauri mwelekezi.

Haikuwa pepo. Mtaa ukipendeza kodi hupanda, na anayeumia ni mpangaji wa chumba kimoja. Mifereji nayo ikikosa wa kuisafisha hugeuka jalala, na kulipia usafi mwaka baada ya mwaka ndipo ari ya watu huchoka. Mambo hayo anayetaka kuiga Hananasifu ayajue mapema. Lakini mwaka 1994 neno tabianchi halikuwa midomoni mwa mtu, na watu walijikinga na mafuriko.

Kunduchi Mtongani walitumia silaha nyingine. Jiji lilikuwa limekwisha kushtakiwa na wakazi wa Tabata mwaka 1988 kwa kumwaga taka katikati ya makazi, likashindwa, likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi, mpaka Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi: hajapata kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi 795 wakafungua Shauri Namba 90 la 1991 Mahakama Kuu, wakasema moshi na uvundo ule unagusa haki yao ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Wakashinda.

Taka zikaenda wapi? Vingunguti, kisha Mtoni kule Temeke, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Msomaji mwenye kejeli atasema ushindi huo ulikuwa wa kumsukumia jirani mzigo. Ni kweli kwa kiasi, na inauma. Ila angalieni mwelekeo: jalala lilitoka kwa waliosimama likaenda kwa ambao hawakuwa wamesimama bado. Anayekaa kimya akisubiri mataifa makubwa yaone aibu, ndiye atakayeletewa.

Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka mitaani na wakazi, wakiandika kila mtaro, kila karavati na maeneo ambayo maji hufika. Ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Mjumbe wa mtaa anayesema hajui maji yanapita wapi, hajataka kujua.

Najua pingamizi linalokuja. Kuzibua mtaro wa Keko hakushushi joto la dunia hata nukta. Sawa kabisa, na anayewaambia wakazi wa Temeke kwamba wataiokoa dunia kwa kupanda mche siku ya Mazingira, Juni 5, anawadanganya. Mingi ya miche hiyo haitakuwa na wa kuimwagilia wageni wa heshima wakishaondoka. Kazi ninayoizungumzia ni ndogo kuliko kuiokoa dunia: maji yasifike kitandani kwa mtoto. Hiyo inawezekana, na kwa sababu imewahi kufanyika hapa hapa sihitaji kumwomba mtu awe na imani.

Kuhusu fedha za wafadhili, tuelewane vizuri. Mradi mkubwa wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2022, umepewa dola milioni 200 za benki hiyo kama mkopo. Una masharti nafuu, lakini ni mkopo. Atakayeulipa ni huyu huyu anayesema hahusiki. Kingo zikijengwa kisha zikajaa viroba vya taka kutoka juu, Kigogo na Mabibo, tutakuwa tumekopa ili kujenga jalala lenye zege.

Hata nishati ya kupikia imeingia kwenye mtego huu wa kuhubiri badala ya kutatua. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Jambo jema. Lakini anayenunua mkaa kwa kopo kila jioni hashindwi kwa ujinga: gesi inadai fedha zote kwa mkupuo, mkaa unamkubalia kidogokidogo. Kikundi cha vikoba kikikopesha gharama ya kujaza mtungi, kinagusa tatizo lenyewe. Hotuba ya misitu haigusi.

Jiji lina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakiwa kwenye mitaa yenye mwenyekiti aliyechaguliwa Novemba 2024. Mwenyekiti huyo hajui lolote kuhusu mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, wala hana haja. Anajua mtaro upi umeziba na nani amejenga juu yake, na kama ni ndugu wa diwani, hilo pia analijua.

Vuli huishia Desemba, masika huanza Machi. Katikati, Januari na Februari, mchanga kwenye mitaro huwa umekauka na sepeto linaingia bila taabu. Mapato na matumizi yakisomwa kwenye mkutano wa mtaa, ulizeni ushuru wa taka umekusanywa kiasi gani na kiasi gani kimetengwa kwa mitaro. Wakiwajibu, ulizeni gari la kuuzoa huo mchanga litakuja siku gani, maana ukitolewa na kuachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza ya Machi itaurudisha wote ndani.