Daftari la Afya Lihakikiwe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenye makosa lina hasara zaidi, kwani mwenyewe huliamini.

Miongoni mwa mazoezi wanayopewa wanaoanza kujifunza kompyuta ni kutengeneza lahajedwali la kupimia afya. Kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kanuni hiyo inatokana na kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka kwa watu wazima: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia.

Zoezi hili tunaliunga mkono, na lingefaa kila skuli ya Unguja na Pemba yenye kompyuta. Hata hivyo, hatuna budi kulifundisha kwa ukamilifu. Mtu wa kilo 70 na urefu wa mita 1.65 hupata 25.7. Mwanafunzi akiandika 165 kwa sentimita, jibu halifiki hata moja, na mashine itamtangaza mtu huyo kuwa amekonda, bila ya kustaajabu wala kuuliza.

Kosa jengine ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani upesi. Kijana akiiagiza mashine iulize kwanza kama jibu limefika 18.5, na likiwa limefika iandike "kawaida", basi maswali yanayofuata hayataulizwa kamwe. Mwenye 34 naye ataambiwa yu salama, arejee nyumbani akiwa ameridhika, ilhali unene wa namna hiyo huandamana na kisukari na shinikizo la damu.

Tunawakumbusha viongozi kwamba kazi ya darasani ni nyepesi kunakiliwa hadi ofisini. Lahajedwali lolote lisitumiwe kwa wananchi kabla ya kuhakikiwa na tabibu, pamoja na mtu asiyelitengeneza. Lijaribiwe kwa 18.4 na 18.5, kwa 24.9 na 25, kwa 29.9 na 30, huku majibu yakilinganishwa na hesabu ya mkono. Tena liandikwe wazi kwamba mipaka hiyo haiwahusu watoto wala waja wazito.

Walimu nao wasimpongeze kijana kwa sababu mashine imetoa jibu. Wampongeze atakapoweza kueleza kwa nini jibu hilo ni sahihi.