TAHARIRI: Hundi Iliyoingia Si Fedha Iliyopatikana

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaye mtoto, ndugu au jirani aliyekwenda Marekani kusoma au kutafuta maisha. Kila tunapomkumbuka tunamwombea afya na riziki. Mwezi huu tunapenda tumfikishie na onyo pia, kwa sababu iko hadaa huko ambayo huwanasa kwa wepesi watu wa hali yake: vijana, wageni, wenye shida ya kazi, na wenye kuona haya kusema kuwa wamekwama.

Hadaa hii huja kwa sura ya ajira. Kijana hupokea barua, au ujumbe katika simu yake, akiarifiwa kuwa amechaguliwa kuwa "mnunuzi wa siri". Kwa asili kazi hiyo ipo na ni ya halali. Makampuni yenye maduka na migahawa huwalipa watu waingie kama wateja wa kawaida, kisha waandike taarifa: wamehudumiwa namna gani, na mahali palikuwa safi au la. Ujira wake ni mdogo, na hulipwa baada ya kazi kukamilika. Tapeli hulichukua jina hilo jema akaufunika nalo uovu wake.

Pamoja na barua huja hundi. Tuchukue mfano wa hundi ya dola 2,350. Kijana huelekezwa aiweke katika akaunti yake, dola 350 zikiwa mshahara wake, na dola 2,000 zilizobaki akanunulie kadi za zawadi katika duka alilotajiwa, ati kwa ajili ya kulichunguza duka lile. Akishazinunua, azikwangue, azipige picha namba zake na kumpelekea "msimamizi". Wengine huamriwa watume fedha kupitia kampuni ya kutuma fedha, ati waichunguze huduma yake. Wote huhimizwa wafanye haraka, na wasimweleze mtu yeyote, kwani kazi ni ya siri.

Kijana mwangalifu husema moyoni: "Ngoja kwanza nione kama fedha zitaingia." Husubiri siku moja au mbili, hutazama akaunti yake, na fedha huziona zimo. Hapo hutulia, akafanya kama alivyoagizwa. Na hapo ndipo mtego ulipo.

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyabana mabenki yasizishikilie fedha za hundi kwa muda mrefu mno. Tangu hapo benki hulazimika kumruhusu mteja kutumia fedha za hundi aliyoiweka, zote au sehemu yake, baada ya siku chache; na kwa zile hundi zinazotolewa na benki yenyewe, mara nyingi siku ya kazi inayofuata. Sheria hiyo ilikusudiwa kumsaidia mteja. Lakini ruhusa ya kutumia fedha siyo ushahidi kuwa hundi ni ya kweli. Benki huwa imemtangulizia tu. Jawabu la mwisho hutoka kwa benki ambayo hundi imeandikwa juu yake, na ughushi waweza kugunduliwa baada ya wiki kadhaa. Karani aliyeipokea naye aweza asiutambue, maana hundi hizi huchapwa kwa ustadi mkubwa, na mara nyingi hubeba jina la benki iliyopo kweli na namba ya akaunti ya kampuni iliyopo kweli.

Hundi inaporudi, benki humdai kijana dola zote 2,350, pengine na ada juu yake. Kadi zimekwisha kutumika, na msimamizi hapokei tena simu. Asiyeweza kulipa hufungiwa akaunti, na habari zake zaweza kubaki miaka mitano katika kumbukumbu ambazo mabenki mengi huzitazama kabla ya kumfungulia mtu akaunti mpya. Alitoka kutafuta ujira, akarudi na deni.

Hili si jambo la mtu mmoja mmoja. Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani ilieleza kuwa kwa mwaka 2019 peke yake, hasara zilizoripotiwa kutokana na hundi bandia zilipita dola milioni 28, na kwamba vijana wa miaka ya ishirini walikuwa zaidi ya mara mbili ya wakubwa wao katika kuripoti kupoteza fedha kwa njia hiyo.

Sisi tulio Afrika Mashariki tunawajua matapeli kwa sura nyingine. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoenea, wako waliopokea ujumbe wa kughushi kuwa wametumiwa fedha, kisha wakapigiwa simu kwa sauti ya unyonge wakisihiwa wazirudishe, kwani zimekosea njia. Tumejifunza kwa machungu kuwa ujumbe si fedha. Tazama salio kwanza. Lakini nasaha hiyo haimtoshi kijana wetu aliye Marekani. Mwenye hundi mkononi aweza kutazama salio, akaliona limeongezeka, na bado akawa hana kitu.

Kwa hiyo tunanasihi yafuatayo. Kwanza, mwajiri wa kweli hamtumii mtu asiyemjua hundi kabla ya kazi, kisha akamtaka arudishe sehemu yake. Sharti hilo peke yake latosha kuwa dalili ya ulaghai, hata barua iwe na nembo nzuri namna gani. Pili, kadi ya zawadi ni ya kumzawadia mtu. Anayekutaka umsomee namba zake anakuibia. Tatu, mwenye shaka na hundi asiiweke. Aipeleke kwenye tawi la benki iliyotajwa humo, au apige simu kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, siyo ile iliyochapwa juu ya hundi. Nne, aliyekwisha kunaswa aiarifu benki yake saa ile ile, na kampuni ya kadi au ya kutuma fedha pia, huku akitunza kadi na risiti zake. Baadhi ya fedha huokolewa kwa wepesi wa kutoa taarifa. Kisha aripoti kwa Tume hiyo ya Biashara, na ikiwa hundi ilikuja kwa posta, kwa wakaguzi wa posta.

Aidha, sisi wa nyumbani tujihesabu. Kijana ambaye kila simu ya nyumbani humwuliza "umetutumia nini?" na hakuna hata moja imwulizayo "u hali gani?", huwa tayari kuiamini barua yoyote imwahidiye dola 350 kwa kazi ya mchana mmoja. Na akishatapeliwa, huyo huyo huona haya kutueleza, kwa kuchelea kuitwa mjinga au mwenye tamaa. Ukimya wake humfaa tapeli, kwani mwenzake wa chumba cha pili hupokea barua ile ile wiki ijayo, na hakuna wa kumwonya.

Aliyedanganywa amedhulumiwa, na aliyedhulumiwa hastahili kuchekwa. Tunawaomba maimamu na walimu walitaje jambo hili baada ya sala, na kila mwenye jamaa ng'ambo ampigie simu wiki hii. Amweleze kwa maneno mepesi: mtu usiyemjua akikutumia hundi na kukutaka urudishe kiasi, fedha utakazorudisha ni zako mwenyewe. Na amwambie pia kuwa, ikiwa limekwisha kumpata, nyumbani pana masikio ya kumsikiliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atukinge na wenye kuila riziki ya wenzao.