Pimeni Vijito, Si Mto Mkubwa Tu

Wasee wa Sigalagala na Kakamega yote, swali moja: maji yakiwa meupe, unajuaje ni safi? Hujui. Macho yanaona tope. Hayaoni bakteria wala zebaki.

Na zebaki huku kwetu si hadithi. Dhahabu ya Kakamega imechimbwa tangu miaka ya 1930, na Ikolomani watu bado wako kwa mashimo. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe, anachanganya na zebaki ili ishike dhahabu, halafu anaichoma. Nyingine inaenda na maji ya kuoshea, hadi kwa kijito. Na usiniambie ati utachemsha. Kuchemsha kunaua bakteria, hakutoi zebaki.

Maoni yangu ni haya: tukipima Yala na Isiukhu peke yake, tunajidanganya. Mto mkubwa una maji mengi. Uchafu wa kijito ukifika pale unazimuliwa, na karatasi ya maabara inasema mambo fiti. Lakini mama mwenye mtungi hachoti hapo, anachota kwa kijito nyuma ya boma.

Kwa hivyo kila kijito kipimwe, juu na chini ya pale kinapokutana na kingine, wakati wa kiangazi na baada ya mvua. Hapo ndipo utajua shida inatoka wapi: mgodi, choo, mbolea ya miwa, ama pale watu wa boda wanaoshea pikipiki. Tope pia lipimwe. Zebaki huzama, bakteria wa tope wanaigeuza sumu kali zaidi, inaingia kwa samaki, samaki anaingia kwa sahani. Waulize watu wa Minamata, Japani. Ugonjwa ulipotambuliwa 1956, walikuwa wameshakula samaki wa sumu miaka.

Sisemi wachimbaji wafukuzwe. Wao ndio wanashika hiyo kitu kwa mikono na kuvuta moshi wake. Wao ndio wa kwanza kuumia.

Ni ghali? Kupima zebaki, ndiyo, inataka maabara. Lakini kuangalia wadudu chini ya mawe ni bure. Afrika Kusini wana njia inaitwa miniSASS, hata watoto wa shule wanaitumia. Haitakuonyesha zebaki, lakini wadudu wa maji safi wakipotea, unajua kijito kina shida. Sigalagala tuna chuo cha ufundi kimejaa vijana wenye simu. Mimi niliacha chuo, na kuinua jiwe hakujawahi kutaka digrii.

Ya maabara tuwadai wenye kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi na salama. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Andikia kaunti, NEMA na WRA: mmepima kijito gani, lini, na mlipata nini? Wakisema hawajapima, hilo pia ni jibu, na liko kwa maandishi.

Anza na kile kijito kwenu mnakunywa.